Kitinda Alipokubali

Kitinda alikubali Jumamosi asubuhi, na hakuna aliyeshangilia.

Rula alikuwa amesimama nyuma ya kioo kinene cha chumba cha majaribio, mikono kaikunja kifuani, macho mekundu kwa usingizi wa wiki nzima. Upande wa pili wa kioo, Pumzi alikuwa ameegemeza bunduki begani na kufyatua kidonge cha rangi baada ya kidonge kwenye ubao uliosimamishwa mwisho wa chumba. Pwa. Pwa. Pwa. Kila kidonge kilipasukia pale kilipotakiwa kupasukia, na rangi ya manjano ikachuruzika hadi sakafuni. Hakuna hata kimoja kilichopasukia ndani ya mtutu. Kipima mwendo kilichotundikwa ukutani kilikuwa kinaonyesha namba ileile, haipandi, haishuki, kana kwamba hakikuwahi kuwatoa machozi.

Alisubiri furaha imjie. Haikuja. Kilichomjia ni maumivu ya kiuno.

Ile ilikuwa karakana ya kutengeneza bunduki za kurushiana rangi, zile ambazo watu wazima na akili zao huenda nazo viwanjani, wakajificha nyuma ya matairi na mapipa, wakachafuana mpaka jioni, kisha wakarudi nyumbani wakicheka. Rula ndiye aliyezichora. Jina hilo alipewa na mafundi kwa sababu ya rula ya chuma ambayo haikutoka mfukoni mwa koti lake la kazini. Pumzi ndiye aliyezitia hewa: vali zote, springi zote, mipira yote ya kuzibia, kila kitu ambacho upepo ulipita ndani yake kilipita kwanza mikononi mwake.

Tajiri wao alitaka bunduki tatu za ukoo mmoja. Ndogo ya wanaojifunza, ya kati ya viwanja vya kukodisha, na kubwa ya wale wanaoshindania vikombe. Mafundi wakaziita Kifungua, Wa Kati na Kitinda. Kifungua alisumbua kwa kuvuja. Wa Kati alisumbua kwa uzito. Lakini Kitinda! Kitinda alikuwa mtoto wa kudeka. Alifyatua vizuri mara chache za mwanzo, halafu hewa ikamzidi nguvu, akaanza kuponda vidonge tumboni mwake mwenyewe na kutema rangi kama mlevi. Rula alikichora upya kisukumio cha ndani, kile kinachosogeza kidonge mtutuni, mpaka akawa anakiona akifumba macho. Pumzi alikereza vali mpaka ngozi ya vidole ikaota sugu.

Na katika muda wote huo, harusi ya Rula na Pumzi ilikuwa ikisogezwa mbele.

Mlango wa chumba cha majaribio ulifunguka. Pumzi akatoka, kofia ya kinga mkono mmoja, bunduki mkono wa pili, tone la rangi ya manjano limeganda juu ya sikio lake.

"Amekubali," alisema.

"Nimeona."

"Husemi kitu?"

"Niseme nini, Pumzi? Nina usingizi."

Wakatazamana. Zamani, mtazamo kama ule ulikuwa unatosha kumfanya Rula asahau alikuwa anapima nini. Macho ya Pumzi yalikuwa mapole, yenye kope ndefu ambazo mafundi wenzake walizifanyia utani. Rula alitamani kuinua mkono amfute ile rangi sikioni. Mkono haukuinuka. Naye Pumzi alifungua mdomo kama anayetaka kusema jambo, akaufunga, akageukia bunduki na kuanza kuchomoa mtungi wa hewa.

Hapo ndipo Tajiri alipoingia, simu sikioni, manukato yametangulia. Alitazama ubao. Akatazama kipima mwendo. Akamwambia mtu wa kwenye simu kwamba atampigia baadaye, kisha akapiga makofi peke yake.

"Jamani, nyie watu! Nyie si watu, ni majini!"

"Asante, bosi," Pumzi akajibu.

"Sasa sikilizeni. Wenye viwanja wanataka ukoo mwingine. Nyepesi kuliko hizi, tena zisizopiga kelele. Wakisikia tumemaliza hizi watanikaba koo. Tunaanza Jumatatu. Mko tayari?"

"Ndiyo, bosi," alisema Pumzi.

Alisema upesi, kama mtu aliyekuwa akilisubiri swali lenyewe mlangoni. Hakugeuka. Hakumtupia Rula jicho hata la pembeni.

Rula alivua koti la kazini, akalitundika kwenye msumari, akatoka nje bila kuaga.

Pumzi alimkuta uani, karibu na mitungi ya hewa iliyopangwa ukutani kama wanafunzi wa mstarini.

"Rula! Subiri basi."

"Niache nikalale."

"Umekasirika."

"Sijakasirika. Kukasirika kunataka nguvu."

"Kama ni hiyo kazi mpya, tunaweza kuzungumza."

"Tuzungumze nini na wewe umeshajibu? Alisema mko. Mko, Pumzi. Wawili. Uliniangalia hata kidogo?"

Pumzi akajikuna kisogo. "Nilidhani unataka. Ni kazi yetu."

"Mume mwenyewe asingenijibia, sembuse mtu ambaye hajanioa."

Neno hilo lilimwingia. Rula aliona lilivyomwingia, na hakupata raha yoyote.

"Sijakuoa," Pumzi alisema taratibu, "lakini si mimi peke yangu niliyesogeza. Kifungua alipokuwa anavuja, nani aliyesema tungoje mpaka mvua zipite?"

"Mimi."

"Na Wa Kati?"

"Wewe."

"Basi tumelingana."

"Tumelingana, ndiyo. Kwa kuchoka. Tulisema tukimaliza. Kila kitu tukimaliza. Tukimaliza tutaoana, tukimaliza tutapumzika, tukimaliza tutatembea siku moja bila kuzungumzia springi. Leo tumemaliza, na kabla rangi haijakauka ubaoni umeshafungua nyingine. Nakwenda nyumbani. Usinifuate."

Pumzi alikuwa mtu wa kufuata mchoro mpaka unywele wa mwisho. Ukimwambia hapa, ni hapa. Alibaki amesimama uani, mikono imening'inia, akimtazama anavyopotelea getini.

Nyumbani kwao Rula kulikuwa ghorofa ya pili, vyumba vitatu vidogo na kibaraza chenye kamba za nguo. Mama yake alikuwa anaanua mashuka. Alikuwa mwanamke mfupi, mshonaji wa nguo za watoto kwa maisha yake yote, mwenye jicho la kuona mshono uliopinda akiwa upande wa pili wa barabara. Alimtazama binti yake mara moja tu.

"Amekubali?"

"Kitinda? Amekubali."

"Na mbona sura imekushuka hivyo?"

"Tajiri anataka ukoo mwingine. Pumzi kasema ndiyo."

Mama alilitupa shuka juu ya kiti. "Haya! Mmezaa bunduki tatu hamjafunga ndoa, sasa mnatafuta mapacha?"

Rula alicheka. Kicheko kikaja vizuri mwanzoni, halafu kikageuka njiani, na akajikuta amekaa sakafuni kwenye kibaraza, mgongo ukutani, machozi yanamtoka bila sauti. Mama yake hakumkimbilia. Alikaa kwenye kigoda pembeni yake, akampa ncha ya shuka ajifutie.

"Shangazi yako alipiga simu," alisema baada ya muda. "Yule bwana wa duka la vioo bado anakuulizia."

"Mama."

"Nimefikisha salamu tu. Sijasema kitu. Ana nyumba, ana adabu, saa za kazi zikiisha anafunga duka."

"Mama, tafadhali."

"Mimi ni mzazi wako. Nimeishona nguo ya harusi yako nikaifumua mara mbili, maana kila mwaka unazidi kukonda. Kijana ni mzuri, sikatai. Lakini mzuri wa kusubiriwa mpaka lini? Watu wananiuliza, nawajibu kuna springi haijakaa sawa. Wananiona nina wazimu."

Mlango ukabishwa hodi. Hodi ilikuwa ya chini, ya mtu asiye na hakika kama anataka ifunguliwe.

Rula akafuta uso haraka. Alijua ni nani. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, Pumzi alikuwa ameambiwa afanye hivi, akafanya vile.

"Shikamoo, Mama," alisema mlangoni, Mama alipofungua.

Mama aliiacha shikamoo ikaning'inia kidogo hewani. "Marahaba. Vua viatu, vina rangi."

Pumzi akavua. Soksi moja ilikuwa na tundu, kidole gumba kikachungulia nje. Alijaribu kukificha chini ya mguu mwingine, akasimama kama korongo, na Rula, pamoja na hasira zake zote, alihisi kitu kikimlegea kifuani.

"Kaa," Mama alimwambia walipofika kibarazani. "Si hapo, hapo ni pa mgeni. Kaa hapa nikuone."

Akakaa. Mama akamkabili, mikono magotini.

"Wewe bwana, nitakuuliza jambo moja, na usinizungushe. Unatafuta mke, au unatafuta mtu wa kukuchorea?"

"Mama!" Rula alisema.

"Nyamaza. Sijakuuliza wewe."

Pumzi alitazama mikono yake. Ilikuwa mikubwa, imekwaruzwa, kucha zina weusi usiotoka kwa sabuni yoyote. Rula aliijua ile mikono kuliko ya kwake, aliijua inavyoshika kipande kidogo cha shaba kana kwamba ni yai.

"Natafuta mke," alisema. "Namtaka huyu. Sijawahi kumtaka mwingine."

"Na ile 'ndiyo' uliyompa Tajiri, ilitoka wapi?"

"Niliogopa."

"Akufukuze?"

"Hapana, Mama. Niliiogopa Jumatatu. Mimi na huyu tangu tujuane tunazungumza vali. Tukigombana, ni springi. Tukipatana, ni kwamba springi imekaa. Leo Kitinda kakubali, nikatoka mle chumbani nikamtazama, nikatafuta neno la kumwambia. Nikalikosa. Nikasema moyoni, haya, kesho tukikaa mezani wawili, hakuna bunduki kati yetu, tutazungumza nini? Akinitazama akaniona hivi nilivyo, bila kazi mkononi, je, akiona si kitu? Tajiri akauliza, nikadandia. Sikufikiri."

Chini barabarani mtu alikuwa anajaribu kuwasha pikipiki, inakohoa, inazima.

Rula alikuwa amejiandaa kwa visingizio. Alikuwa na majibu ya kila kisingizio, ameyapanga njia nzima. Lakini hofu ile ilikuwa yake pia. Asubuhi, nyuma ya kioo, alipokuwa anaisubiri furaha isije, ni hofu hiyohiyo iliyomkaa kiunoni. Hakujua kwamba Pumzi naye anayo. Hakujua kwamba mtu anaweza kuitamka mbele ya mama mkwe, soksi imetoboka.

"Umekunywa chai?" alimuuliza.

"Sijanywa."

"Mama atakupa. Mimi nakwenda kulala."

"Sasa hivi?" Pumzi akainua uso.

"Sasa hivi. Siwezi kukuamulia nikiwa hivi, Pumzi. Nimechoka mpaka sijui kama nilichonacho ni mapenzi au ni mazoea tu. Nikilala nikaamka, labda nitajua."

"Na mimi nifanye nini?"

"Sijui. Leo sina mchoro."

Aliingia chumbani, akajitupa kitandani na nguo zake za kazini, na usingizi ukamchukua mzimamzima.

Alipoamka, jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili. Kwanza hakujua ni siku gani. Halafu akasikia sauti kibarazani, ya mama yake na ya mwanamume, na kwa muda akalala tu, macho wazi, akisikiliza.

Hakuwa ameondoka.

"Vuta," Mama alikuwa anasema. "Vuta vizuri, shuka halina mifupa. Pembe kwa pembe. Sasa njoo kwangu."

"Hivi?"

"Hivyo. Kumbe unafundishika."

Nyayo zikasogea, zikarudi. Simu ikaita. Rula aliutambua mlio, ulikuwa wa Pumzi.

"Bosi... Hapana, niko ugenini... Bosi, nilitaka nikuambie, ile ndiyo ya asubuhi ilikuwa yangu peke yangu. Ya mwenzangu sikuiuliza. Na yangu mwenyewe naiondoa kwanza... Hapana, sijalewa... Akiamka nitamuuliza. Akikataa, tutakataa wote... Ndiyo, najua watakukaba... Haloo? Haloo?"

"Kakukatia?" Mama aliuliza.

"Kanikatia."

"Atapiga tena. Hana mwingine wa kumtengenezea. Shika pembe hizi."

Kitambaa kikakung'utwa. Kisha Mama, kwa ile sauti yake ya kuuliza mambo kama hataki kujua:

"Sauti yako nzuri. Hukuwahi kuimba?"

"Niliimba. Kwaya, nikiwa mdogo."

Rula akajiinua kwa kiwiko. Kwaya?

"Ukaachaje?"

"Mama yangu alikuwa anaimba mstari wa mbele. Alipofariki nilirudi kwaya wiki zilizofuata, lakini kila nikifungua mdomo naisikia ya kwake pembeni yangu. Nikashindwa. Nikaenda kujifunza ufundi wa mashine."

"Kwa nini mashine?"

"Zinapiga kelele, Mama. Hazikuachii nafasi ya kusikia kitu kingine."

Rula alijua kwamba mama yake Pumzi alifariki. Alijua kama anavyojua tarehe iliyoandikwa kwenye kalenda ya ukutani. Miaka yote hiyo bega kwa bega, wamekula pamoja, wamepandisha homa pamoja, amemuona analia kwa ajili ya vali, na hakuwahi kumuuliza zaidi ya hapo. Wala yeye hakuwahi kuulizwa. Pumzi hakujua kwamba Rula aliwahi kutoroka nyumbani akiwa binti mdogo, akaenda kwa basi mpaka mwisho wa barabara kwa sababu tu alitaka kuona inaishia wapi. Hakujua kwamba baba yake alimfuata, na kwamba walirudi kwa miguu sehemu kubwa ya njia, wanacheka. Hakuna aliyejua hilo. Hakuna aliyeuliza.

Akatoka kitandani. Hakujitazama kwenye kioo. Alifungua mlango wa kibaraza akiwa peku, mistari ya mto imemchora shavuni.

Walikuwa wamesimama pande mbili za shuka, Mama huku, Pumzi kule. Pumzi alipomwona, mikono yake iligandia hewani. Kope zile ndefu zikapepesa.

"Umeamka," alisema.

"Nimeamka."

"Una jibu?"

"Sina."

Mama alimtazama huyu, akamtazama yule. Akamkabidhi Rula pembe zake mbili za shuka, akaingia ndani, na mara wakasikia bomba la jikoni linafunguliwa kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Wakabaki wawili, shuka limetanda kati yao kama meza. Rula alilivuta kidogo. Pumzi akavuta upande wake. Wakalikunja mara ya kwanza, kila mtu akitazama pembe zake.

"Sina jibu," Rula alirudia, "lakini kuna jambo nataka kujua."

"Uliza."

"Mama yako alikuwa anaimbaje?"

Pumzi aliacha kukunja. Rula alimuona anatafuta pa kuweka macho, na mwisho akayaweka kwake, na hakuyaondoa. Hayakuwa macho ya fundi anayekagua kama mchoro umekaa. Yalikuwa ya mtu aliyebishiwa hodi kwenye chumba alichokifunga zamani.

"Umesikia."

"Nimesikia."

"Ni habari ndefu, Rula. Ikianza haiishi upesi. Na wewe umechoka."

Rula alipiga hatua kumwendea, shuka likikunjika kati yao, hatua nyingine, mpaka vidole vyake vilivyoshika pembe vikagusana na vya Pumzi, vigumu, vyenye sugu, vya moto. Pumzi hakuliachia shuka. Wala yeye hakuliachia.

"Nimeshalala," alisema. "Anza."